Alf Ramsey na hesabu ya mastraika wawili

Bishano hili halijawahi kuisha na halitaisha leo. Timu ina mastraika wawili wakali, wote wanatupia, lakini kocha anamwanzisha mmoja na mwingine anakula benchi. Mashabiki wanawaka. Kuanzia vibanda umiza vya Dar es Salaam mpaka huku Chala, kwenye barabara ya kutoka Sumbawanga kwenda Namanyere, swali ni lilelile: kwa nini asiwapange wote?

Msimu wa 2018/19 Simba ya kocha Patrick Aussems ilikuwa na Meddie Kagere, John Bocco na Emmanuel Okwi kwa wakati mmoja. Kagere akamaliza ligi na mabao 23, timu ikafika robo fainali ya Ligi ya Mabingwa Afrika, na bado watu walibishana nani aanze na nani asubiri.

Mkulima wa Ufipa analielewa swali hili kuliko wachambuzi wengi wa redioni. Anayelima kwa plau hafungi maksai wawili kwenye nira moja kwa sababu tu wote wana nguvu. Kila mmoja akivutia kwake, mstari unapinda na shingo zinachubuka. Anatafuta jozi inayoelewana, mmoja akivuta mwingine anajua pa kukanyaga. Halafu kuna mtu wa tatu, yule anayeshika plau kwa nyuma. Huyo hasifiwi na mtu, lakini akiiachia hakuna shamba.

Kwenye soka, mtu aliyeifanya hesabu hii kwa karibu miaka 20 ni Mwingereza, Alf Ramsey. Wengi wanamjua kwa jambo moja tu, Kombe la Dunia la 1966. Lakini ukitaka kujua kwa nini siku ya fainali alimwacha nje mfungaji hodari kuliko wote nchini kwake, inabidi uanzie mbali.

BEKI ASIYE NA MBIO

Alfred Ernest Ramsey alizaliwa Januari 22, 1920, Dagenham, mashariki mwa London, wakati huo sehemu hiyo ikiwa bado na sura ya kijiji. Kwao hakukuwa na utajiri. Alipomaliza shule alifanya kazi dukani, akipeleka bidhaa kwa wateja kwa baiskeli. Vita Kuu ya Pili ilipokuja aliingia jeshini mwaka 1940, na ni mpira wa jeshini uliomfikisha Southampton.

Alijaribiwa nafasi kadhaa, hata mbele, kabla ya kutulia kama beki wa kulia. Tatizo lake lilikuwa moja na kila mtu aliliona: hakuwa na mbio. Winga mwepesi angeweza kumfanya aonekane mzee. Kwa hiyo alijifunza kucheza kwa kichwa, asimame wapi, mpira utatokea wapi, pasi iende kwa nani. Mwaka 1949 Tottenham Hotspur walimnunua, na chini ya kocha Arthur Rowe wakacheza soka la toa-nenda, pasi fupi na kila mtu anahama. Mwaka 1950 wakachukua ubingwa wa daraja la pili, mwaka uliofuata wakabeba wa daraja la kwanza. Wenzake walimpa jina la Jenerali.

Aliichezea England mechi 32, na mbili kati ya hizo ni aibu ambazo nchi yake haijazisahau. Ya kwanza ni Juni 29, 1950, Belo Horizonte, Brazil, England ilipofungwa 1-0 na Marekani kwenye Kombe la Dunia. Ya pili ni Novemba 25, 1953, Wembley, Hungary iliposhinda 6-3.

Siku hizo kila timu ya Uingereza ilipanga mafowadi watano, na kila beki alijua mtu wake kwa namba ya mgongoni. Beki wa kati alimkaba namba tisa, basi. Hungary ikaja na namba tisa wake, Nándor Hidegkuti, ambaye hakukaa mbele. Alishuka chini kama kiungo. Beki wa kati wa England, Harry Johnston, akabaki njia panda: amfuate mpaka katikati ya uwanja au abaki? Akimfuata, anaacha mlango wazi nyuma yake, na mlangoni wanasubiri wawili, Ferenc Puskás na Sándor Kocsis. Akibaki, Hidegkuti anageuka na mpira anavyotaka. Hidegkuti alifunga matatu, Puskás mawili, József Bozsik moja.

Bao moja kati ya matatu ya England lilifungwa na Ramsey kwa penalti. Alikuwa na miaka 33, na hakuitwa tena timu ya taifa.

Ukitazama alichokuja kukifanya alipokuwa kocha, ni picha ileile aliyoiona siku ile akiwa upande wa wanaoteswa: washambuliaji wawili mbele, na mtu mwingine anayeshuka ili walinzi wasijue wamkabe nani.

KIKONGWE WA IPSWICH

Agosti 1955 Ramsey alichukua kazi ya kuifundisha Ipswich Town, timu ya mji mdogo katikati ya mashamba ya mashariki ya Uingereza. Ilikuwa daraja la tatu. Pesa hakuna, mastaa hakuna.

Alimkuta pale mchezaji aitwaye Jimmy Leadbetter. Alikuwa mwembamba, sura yake imezeeka kuliko umri wake, hana mbio na kwenye timu hana nafasi. Ramsey akampa namba 11, winga wa kushoto. Hapo wengi wangecheka. Winga asiye na mbio wa nini?

Lakini Leadbetter hakupewa jezi hiyo ili akimbie mpaka kwenye kibendera cha kona. Alipewa ili abaki nyuma. Beki wa kulia wa wapinzani, aliyezoea kukaa na winga wake, akapata shida ileile ya Johnston. Akimfuata Leadbetter, nyuma yake kunabaki uwanja mtupu. Asipomfuata, Leadbetter anapokea mpira bila presha, anainua kichwa na kuchagua.

Na wa kuchagua walikuwepo. Ted Phillips alikuwa na shuti la kutisha, la kupasua mikono ya kipa, na msimu wa 1956/57 alifunga mabao 41 kwenye ligi, timu ikapanda daraja. Mwaka 1958 akaja Ray Crawford kutoka Portsmouth. Huyu alikuwa mtu wa ndani ya boksi, wa kichwa, wa kugusa mara moja na kugeuka kushangilia.

Angalia jozi hiyo vizuri. Hawakuwa watu wawili wanaotaka mpira uleule. Phillips alipenda kuukuta mbele yake, nje ya boksi, apige. Crawford aliutaka karibu na goli, pale uliporudi kutoka kwenye mikono ya kipa au ulipodondoshwa na krosi ya Roy Stephenson kutoka kulia. Kila mmoja alisafisha njia ya mwenzake bila kuambiwa. Na nyuma yao alikuwepo Leadbetter, ameshika plau.

Msimu wa 1960/61 Crawford alifunga mabao 40 ya ligi, Phillips 30, Ipswich ikawa bingwa wa daraja la pili. Magazeti yakasema safari imeishia hapo, daraja la kwanza watapigwa mpaka washuke. Msimu wa 1961/62, wa kwanza katika historia yao kwenye daraja hilo, wakawa mabingwa wa Uingereza. Crawford alitupia 33, Phillips 28. Mabao 61 kati ya 93 ya timu nzima, karibu theluthi mbili, yametoka kwa watu wawili. Burnley, waliokuwa wa pili, waliachwa kwa pointi tatu. Ubingwa ulipatikana Aprili 28, 1962, kwa ushindi wa 2-0 dhidi ya Aston Villa. Mabao yote mawili, Crawford.

DAWA YAPATIKANA

Hapa kuna somo ambalo washabiki wa mfumo wowote hawapendi kulisikia. Mfumo hauna hati miliki wala hauishi milele.

Aliyepata dawa ya Ipswich ni mtu aliyemjua Ramsey ndani nje, Bill Nicholson, ambaye alicheza naye Tottenham na sasa alikuwa kocha wa timu hiyo. Agosti 1962 zilipokutana kugombea Ngao ya Hisani, Nicholson aliwaambia mabeki wake wa pembeni wasihangaike kabisa na mawinga. Wabane ndani, wakae na Crawford na Phillips. Leadbetter na Stephenson akawapa viungo wawakabe. Tottenham ikashinda 5-1.

Basi, siri ikawa nje. Timu nyingine zikaiga, na bingwa mtetezi akamaliza nafasi ya 17. Mastraika walikuwa walewale, miguu ileile. Kilichobadilika ni kwamba Leadbetter hakuwa tena mtu huru. Anayedhani mabao yanatoka kwa mastraika peke yao aitazame Ipswich ya 1962/63.

Ramsey hakuumaliza msimu huo pale kama kocha wa kawaida. Oktoba 1962 alikuwa ameshateuliwa kuinoa England. Kabla yake kikosi cha taifa kilichaguliwa na kamati ya mabosi wa chama, kila mmoja na mtu wake. Ramsey alikataa. Akataka achague mwenyewe, na wakakubali. Mechi yake ya kwanza, Februari 1963 jijini Paris, akapigwa 5-2 na Ufaransa. Mwaka huohuo akatangaza hadharani kwamba England itachukua Kombe la Dunia litakalochezwa nyumbani. Watu wakamwona mzee kachanganyikiwa.

GREAVES, HUNT NA HURST

Kombe la Dunia la 1966 Afrika haikuwepo. Nchi zetu ziligoma kwa sababu FIFA ilikataa kutoa nafasi ya moja kwa moja kwa bara zima, ikitaka bingwa wa Afrika apigane tena na washindi wa mabara mengine. Mgomo ule ndio ulioleta nafasi ya Afrika ya 1970, iliyochukuliwa na Morocco. Sisi hatukuwepo, lakini kilichotokea pale kimekuwa kikigusa mpira wetu mpaka leo, kwa sababu timu nyingi za Tanzania zilikulia kwenye 4-4-2, na England ya Ramsey ni mmoja wa wazazi wa mfumo huo.

Desemba 8, 1965, mjini Madrid, Ramsey aliingiza timu isiyo na winga hata mmoja, England ikaifunga Hispania 2-0. Mabeki wa pembeni wa Hispania walizunguka wakitafuta wa kumkaba. Wafungaji walikuwa mastraika wake wawili, Joe Baker na Roger Hunt.

Lakini mashindano yalipoanza alirudi kwa mawinga. Kwenye mechi tatu za makundi alijaribu watatu tofauti: John Connelly dhidi ya Uruguay, Terry Paine dhidi ya Mexico, Ian Callaghan dhidi ya Ufaransa. Wanaosema Ramsey aliwachukia mawinga wasisahau hilo. Aliwapa nafasi, hakupata alichotaka.

Mbele aliwapanga wawili. Mmoja alikuwa Jimmy Greaves wa Tottenham, kipenzi cha taifa. Mpaka anastaafu soka la kimataifa alikuwa na mabao 44 kwenye mechi 57, na siku chache kabla ya mashindano alikuwa ameifunga Norway mabao manne peke yake. Mwingine alikuwa Hunt wa Liverpool. Huyu hakuwa na mbwembwe. Alikuwa mtu wa shughuli, anakimbilia pembeni kumvuta beki, anarudi kukaba, anaanza upya. Waandishi wengi wa London walimwona mbeba maji tu. Baada ya mechi tatu hesabu ilikuwa hivi: Hunt mabao matatu, Greaves sifuri.

Kwenye mechi ya tatu, Julai 20, Greaves alichanwa mguu na kushonwa. Akaingia Geoff Hurst wa West Ham, kijana aliyeanza kuichezea England Februari mwaka huohuo.

Robo fainali dhidi ya Argentina, dakika ya 78, Martin Peters alimwaga krosi kutoka kushoto, Hurst akaruka mbele ya beki, kichwa, 1-0. Peters na Hurst walikuwa timu moja West Ham, na mpira ule walikuwa wanaufanyia mazoezi kila wiki. Kwenye nusu fainali Ureno ya Eusébio ililala 2-1, mabao yote ya Bobby Charlton, aliyekuwa na uhuru wa kutembea kwa sababu Nobby Stiles alikaba nyuma yake, Alan Ball na Peters walikimbia pembeni, na mastraika wawili waliwashughulisha mabeki kule mbele.

Kabla ya fainali Greaves akapona.

Sasa jiweke kwenye kiti cha Ramsey. Siku hizo hakukuwa na mabadiliko. Ukiandika majina 11, umemaliza. Una mfungaji bora wa kizazi chake, mzima wa afya. Taifa zima linamtaka. Na wengi hawakutaka atolewe Hurst. Walitaka atolewe Hunt, mbeba maji.

Ramsey hakubadilisha hata jina moja.

Hakuwa anauliza nani kati ya hawa ni mchezaji mzuri zaidi. Kwa swali hilo Greaves anashinda asubuhi na mapema. Swali lake lilikuwa nani anamfanyia nani kazi. Hurst alitaka mpira juu, mwilini, aushike wenzake wafike. Ili apate nafasi hiyo lazima mtu mwingine akimbie kumtoa beki wa pili. Hunt alikuwa analifanya hilo tangu mechi ya kwanza. Greaves aliishi kwa kutulia, kunyemelea, kisha kuua. Hilo si kosa, ndiyo iliyokuwa kazi yake. Lakini ukimweka Greaves na Hurst bila Hunt, unapata wawili wanaosubiri na hakuna anayetangulia.

Julai 30, 1966, Ujerumani Magharibi walianza kufunga kupitia Helmut Haller dakika ya 12. Dakika sita baadaye Bobby Moore, mwingine wa West Ham, alipiga faulo haraka, Hurst kichwa, 1-1. Peters akafunga la pili dakika ya 78, Wolfgang Weber akasawazisha dakika ya 89. Kwenye muda wa nyongeza Hurst alipiga mpira ukagonga mwamba na kudunda chini karibu na mstari. Hunt alikuwa karibu zaidi na goli. Badala ya kuusukumia nyavuni aligeuka na mikono juu akishangilia, na mwamuzi akalikubali. Ubishi kama uliingia au haukuingia unaendelea mpaka leo. Dakika ya 120 Hurst akamaliza kazi, 4-2. Hat-trick kwenye fainali ya Kombe la Dunia.

Greaves alitazama yote hayo akiwa pembeni. Medali zilitolewa kwa waliocheza fainali tu. Ya kwake aliipata mwaka 2009, FIFA ilipoamua kuwakumbuka wachezaji wote wa vikosi vilivyotwaa kombe.

MWISHO USIO NA SHANGWE

Mwaka 1967 Ramsey alipewa heshima ya kuitwa Sir. Lakini huyu hakuwa malaika. Baada ya ile robo fainali aliwazuia wachezaji wake kubadilishana jezi na Waargentina na akawatusi hadharani, jambo lililoacha chuki ya miaka mingi. Waandishi aliwaona usumbufu, na wao hawakumsahau.

Mexico 1970, kwenye robo fainali mjini León, England iliongoza 2-0 dhidi ya Ujerumani Magharibi. Sasa mabadiliko yaliruhusiwa. Ramsey akamtoa Charlton ili ampumzishe, na mechi ikamponyoka, 3-2. Oktoba 17, 1973, Wembley, England ilihitaji kuifunga Poland ili iende Kombe la Dunia. Kipa Jan Tomaszewski akadaka kila kitu, matokeo 1-1, na Ramsey akaingiza straika mpya, Kevin Hector, zikiwa zimebaki dakika kama mbili. Kocha aliyejenga jina lake bila mchezaji wa akiba hakuwahi kuizoea silaha hiyo. Mwaka 1974 alifukuzwa.

Alirudi kuishi Ipswich, maisha ya kimya, na huko ndiko alikofia Aprili 28, 1999, akiwa na miaka 79. Ilikuwa imetimia miaka 37 kamili tangu Crawford alipofunga yale mawili dhidi ya Villa. Sanamu yake iko nje ya uwanja wa Portman Road.

Greaves alifariki Septemba 19, 2021. Hunt akamfuata siku nane baadaye. Magazeti yaliandika kurasa na kurasa kuhusu wa kwanza, na alistahili. Wa pili alipata kidogo, kama ilivyo kawaida ya watu wa aina yake.

Kwa hiyo kocha wako akikataa kuwaanzisha mastraika wako wawili wanaoongoza kwa mabao, usianze na matusi. Watazame dakika zote 90, hasa pale mpira usipokuwa miguuni mwao. Tafuta nani anakimbia ili mwenzake apate nafasi, na nani nyuma yao amekubali kuacha sifa zake ili wawili hao wale. Ukiwaona watu hao wawili, kocha anakosea na una haki ya kupiga kelele. Usipowaona, huna jozi bado, una wafungaji wawili tu.